Ushirika Haupunguzi Bei ya Nyanya

Kuanzia Kalinzi hadi Ujiji, mkoani Kigoma, kuna kauli moja inayorudiwa, kwenye vikao vya vikoba, kwenye vikundi vya akina mama, hata kwenye majukwaa ya wanasiasa: tukiungana tukanunua chakula kwa pamoja, tukamruka mlanguzi, tutakula kwa bei ya shambani. Imerudiwa mara nyingi mno, na hakuna tena anayeuliza hesabu yake. Mimi nauliza. Kwa nyanya, ndizi, mchicha na kila kitu kinachooza ndani ya wiki, kauli hiyo si ya kweli. Nasema hivi nikiwa muumini wa ushirika. Ninachokipinga ni ahadi ya bei chee, maana nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu yake, na majirani wakanuniana kwa ajili ya matenga mawili ya nyanya.

Imani hii ina chimbuko, na kwa watu wa Kalinzi chimbuko lake ni kahawa. Huku juu wakulima wameujua ushirika kupitia buni. Wana vyama vyao vya msingi, wana muungano wao wa Kanyovu, na wamewahi kuiona kahawa ya vilima hivi ikivuka bahari hadi Marekani na kuuzwa kwa jina la Gombe, kwa msaada wa Taasisi ya Jane Goodall. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ipitie vyama vya ushirika badala ya wanunuzi binafsi kuifuata majumbani. Mtu aliyekulia katika mazingira hayo huona ni jambo la wazi kabisa: kama kuungana kumemsaidia muuzaji wa kahawa, kutamsaidia pia mnunuzi wa mboga.

Lakini kahawa ina tabia zake. Ikikaushwa vizuri hukaa ghalani kwa miezi. Ina madaraja yanayojulikana, ina msimu mmoja, ina mnada. Mzigo wa mkulima mdogo ukiunganishwa na wa wenzake unafikia ukubwa ambao mnunuzi wa mbali anautaka, na kungoja wiki mbili hakumharibii mtu chochote. Nyanya haina hata tabia moja kati ya hizo. Wiki mbili kwa nyanya ni jalala.

Kwa hiyo tuanze na huyo mlanguzi tunayetaka kumruka. Simama Kalinzi alfajiri, pale ndizi zinapopakiwa kuteremka Mwandiga na Kigoma mjini. Mtazame mwanamke mchuuzi anavyochagua mikungu. Hatazami ukubwa kwanza. Anashika kidole kimoja cha katikati na kukizungusha kati ya vidole vyake, akipapasa kingo. Kingo zikiwa kali, mkungu huo haujakomaa. Ukiuvundika utasinyaa na kuwa mweusi bila kuiva. Kisha anageuza shina la mkungu aone utomvu kama umekauka, ajue ulikatwa leo au juzi. Akimaliza, anatandika majani makavu kwenye bodi la gari na kuipanga mikungu mmoja baada ya mwingine ili isikwaruzane kwenye kona za barabara ya Manyovu. Hayo yote ameyafanya kabla jua halijachomoza. Kikundi cha walaji kikimtuma mjumbe ambaye kazi yake ni ualimu au ushonaji, mjumbe huyo atanunua mikungu mikubwa. Wiki ijayo nusu yake italiwa na mbuzi.

Faida ya mchuuzi ni ujira wa kazi hiyo. Kumruka hakuifuti kazi. Kunaihamishia kwa mtu mwingine, tena asiyeijua.

Tufanye hesabu ya mfano, kila mtu abadilishe tarakimu kulingana na msimu wake. Tuseme tenga la nyanya lina kilo 40 na kikundi kimelinunua kwa shilingi 30,000. Hapo kilo ni shilingi 750, na hii ndiyo tarakimu inayotangazwa kwenye mkutano, watu wakapiga makofi. Nauli ya tenga ni 3,000, mbebaji 1,000. Tumefika 34,000. Nyanya za chini zimepondeka, nyingine zimeiva mno, na katika kugawa zinatupwa kilo nane. Zimebaki 32. Kilo imekuwa shilingi 1,062. Sasa mlipe aliyeamka saa kumi usiku kwenda kuzifuata, mpe 5,000 tu kwa siku nzima. Kilo imefika shilingi 1,218. Kama siku hiyo soko la Mwanga, Kigoma mjini, linauza nyanya kwa hesabu ya shilingi 1,200 kwa kilo, mwanachama amelipa zaidi, na hakupata hata nafasi ya kuchagua.

Najua jibu linalotolewa hapo: aliyekwenda kuzifuata hakulipwa, alijitolea. Jibu hilo linaniudhi kuliko mengine yote. Aliyejitolea karibu kila mara ni mwanamke, na mara nyingi ni yuleyule, mwenye kioski kilichofungwa siku hiyo au shamba lililobaki bila palizi. Kikundi kinajisifu kwa akiba ya shilingi mia moja kwa kilo, kumbe akiba yenyewe imetoka kwenye siku ya kazi ya mama mmoja ambayo hakuna aliyeiandika. Siku akichoka, au akiuguliwa na mtoto, bei inarudi palepale na lawama zinamwangukia yeye. Kikundi kisichomlipa mnunuzi wake hakina haki ya kumwita mlanguzi mnyonyaji.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotetea bei chee hawalitaji: mkopo. Familia nyingi za Ujiji na Kibirizi zinapata fedha siku kwa siku, na zinanunua siku kwa siku. Nyanya za shilingi mia tano, mafuta ya kupima, dagaa wa kutosha mlo mmoja. Mchuuzi anayemfahamu mteja wake humpa leo akalipwa Ijumaa. Jioni anashusha bei ili asilale na mzigo, na kwa mteja wa siku zote anaongeza mbili tatu juu ya fungu. Kikundi cha ununuzi kinataka fedha ya wiki nzima mapema, mkononi mwa mweka hazina. Anayeweza kuitoa ni mwenye mshahara. Yule ambaye ushirika ulitangazwa kwa jina lake anabaki nje akitazama.

Na elimu ya soko ni zaidi ya kupapasa ndizi. Chukua dagaa. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa haina kazi, mitumbwi inapumzika na bei ya dagaa inapanda Kibirizi yote. Mchuuzi anahesabu siku za mwezi kama anavyohesabu fedha zake. Kikundi kilichopanga kununua tarehe ileile kila mwezi, mishahara inapotoka, kuna miezi kitaangukia mbalamwezi bila kujua. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika ziwa zilisitishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Aliyekuwa amekausha na kuhifadhi mapema alikuwa na dagaa wa kula na wa kuuza. Aliyengoja kuungana na wenzake mwezi Juni aliungana nao kununua kwa bei ya juu.

Taifa hili limeshajaribu kumfuta mfanyabiashara mdogo kwa amri. Mwaka 1962 iliundwa Cosata, chombo cha ugavi cha vyama vya ushirika, ili maduka ya ushirika yapate bidhaa za jumla kwa nafuu. Haikumaliza hata muongo mmoja. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa yapishe ya ujamaa, na mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Wazee wanakumbuka kilichofuata: bei iliyoandikwa ukutani ilikuwa ndogo, na rafu zilikuwa tupu. Bei ndogo ya sukari isiyokuwepo haimshibishi mtu.

Jambo la kushangaza ni kwamba waasisi wenyewe hawakuahidi tunachoahidi sisi. Waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 1844 wakiwa na mtaji wa pauni 28, waliuza unga, siagi na sukari kwa bei ya soko. Hawakuuza chini ya jirani yao. Waliahidi unga usiochanganywa na uchafu, mizani ya haki, na ziada kugawiwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Tena walikataa kukopesha. Duka lao liliishi kwa kuwa halikula mtaji wake kwa kushindana na kila muuzaji wa mtaani. Sisi tumechukua jina lao tukaacha hesabu yao.

Hapo ndipo ulipo ushirika ninaoutetea, na kwa huku kwetu unaanza na mizani. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, bado inafungwa, na mkulima wa maharage anapoteza kilo nyingi ambazo halipwi. Mjini maharage hayohayo yanapimwa kwa sado iliyobonyezwa kitako, na mlaji naye anapoteza. Mkulima amepunjwa kwa gunia lililojazwa mno, mlaji kwa kopo lisilojaa. Chama kinachonunua na kuuza kwa mizani iliyokaguliwa kinaziba matundu yote mawili bila kuahidi bei yoyote. Mwanachama analipa shilingi zilezile za soko na kuondoka na kilo kamili.

Na bidhaa zipo zinazofaa. Maharage yananunuliwa wakati wa mavuno, yakahifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa yasibunguliwe, yakatolewa miezi ambayo bei imepaa. Mchele ni vivyo hivyo, na dagaa waliokaushwa vizuri. Vikundi vya sikukuu vinavyochangishana mwaka mzima kwa ajili ya mchele, sukari na mafuta vimedumu kwa sababu hiyohiyo: vinanunua kinachokaa, mara moja, kwa tarehe inayojulikana. Havijawahi kujaribu kuleta mchicha. Wanaotaka kuvigeuza kuwa magenge ya mboga ya kila wiki wataviua, na wataviua kwa nia njema.

Nyanya na ndizi mbivu tumwachie mchuuzi. Tuipigie kelele halmashauri impe kivuli, maji na choo sokoni, maana nyanya zinazoungua juani pale chini bei yake tunailipa sisi.

Anayeanzisha kikundi msimu huu aanze na maharage ya Kalinzi. Anunue kwa mizani, mkulima akiwepo na kuiona tarakimu. Mnunuzi wa kikundi apewe posho, na posho iandikwe kwenye bei. Wanachama wauziwe kwa bei ya Mwanga, ziada ikae hadi mwisho wa msimu. Siku ya mgao, kabla ya gawio, mweka hazina asome mbele ya wote: tulinunua kilo ngapi, tuligawa kilo ngapi, nani anadaiwa. Kama tarakimu mbili za kwanza hazilingani, aeleze tofauti imekwenda wapi, na mwanachama asiombwe hisa nyingine kabla hajaelezwa.