Gurudumu peke yake halimkomboi mfinyanzi

Katika jiji hili la Johannesburg ufinyanzi umekuwa starehe ya Jumamosi. Watu wa ofisini hulipa ada, huvaa aproni na kukaa saa mbili tatu mbele ya gurudumu la umeme. Nasi Waafrika Mashariki tunaoishi hapa tumo miongoni mwa wanafunzi hao, na tunakiri kwamba kazi ni ngumu. Bonge la udongo likiwa kando kidogo tu ya katikati ya gurudumu, huyumba, na chombo huanguka kabla hakijapata ukuta. Viwiko sharti vitulie mapajani, maji yasizidi, mikono isiwe na pupa. Wiki kadhaa hupita mwanafunzi hajatoa hata kikombe cha chai.

Ndipo tunajiuliza: akina mama wa Kikisi kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao hufinyanga kwa mkono na kupeleka vyungu sokoni kwa mtumbwi, kwa nini tuliwahesabu kuwa watu wasio na elimu? Wa hapa anaitwa msanii, wa kwetu anaitwa mama wa vyungu. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, nasi tumeuchukua msemo huo kana kwamba ni sheria ya nchi.

Wapo wanaodai kuwa dawa ni kuwapelekea magurudumu wafanye kazi kisasa. Hatuafiki. Gurudumu hufaa panapotakiwa vikombe mia vya ukubwa mmoja, lakini si kipimo cha ustadi. Nesta Nala wa KwaZulu-Natal, aliyefariki mwaka 2005, alijenga vyungu vya pombe kwa mkono na vimo katika makumbusho. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Uingereza kusoma, lakini mwaka 1974 alikuwa Nigeria akijifunza kujenga chombo kwa mkono kwa Ladi Kwali na wenzake. Ladi Kwali mwenyewe aliingia kituo cha ufinyanzi cha Abuja (mji huo sasa ni Suleja) mwaka 1954, mwanamke wa kwanza kati ya wanaume. Gurudumu alilijua, ila sifa zake zilitokana na mitungi aliyoijenga kama alivyofundishwa na shangazi yake. Picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Hebu tuoneshwe noti ya kwetu yenye mfinyanzi!

Tena gurudumu hili linataka umeme. Mwaka 2023, mgao ulipokuwa mkali Afrika Kusini, umeme ulipokatika lilisimama, na tanuri nalo likapoa. Anayechoma kwa kuni na nyasi hangoji shirika la umeme. Na mtungi wake huvuja jasho kidogo kidogo, maji yakapoa bila friji.

Tunachodai ni kingine. Vyuo vyetu viwaajiri akina mama hao kufundisha, kwa mshahara wa mwalimu. Jina la mfinyanzi liandikwe chini ya chungu. Hoteli za kitalii zinunue kwao moja kwa moja. Na wale miongoni mwetu wanaoweza kurudi nyumbani likizo, ambao hapa hulipa ada ya kozi bila kunung'unika, wakifika Matema wasianze kuomba wapunguziwe bei.