Kwa Nini Hasemi? Juu ya Tamthilia za Kihindi katika Nyumba Zetu

Katika mkutano wa mwezi uliopita, hapa kwetu Kalundu, ndugu mmoja alisimama akaomba chama chetu kitoe onyo juu ya sinema za Kihindi. Alisema kwamba watoto wetu wanakua wakitazama masanamu yakifukiziwa ubani, kwamba akina mama hawafiki tena kwa wakati katika sala ya jioni, na kwamba wasichana wanajifunza mambo ya mapenzi kabla ya umri wao. Wengi walipiga makofi. Lakini akina mama waliokaa viti vya nyuma walinyamaza, kama watu wanaongoja mkutano uishe ili wawahi nyumbani, na kila mmoja wetu alijua wanawahi nini. Ndipo tulipoombwa kuandika ukurasa huu, ili jambo lifikiriwe kabla ya kuamuliwa. Tukiri mapema: sisi nasi ni watazamaji.

Kalundu ni bandari, na bandari haichagui mizigo. Mashua zilizotoka Kigoma zilituletea, pamoja na bidhaa nyingine, santuri za sinema za Kihindi ambazo msimulizi wa Kitanzania alikuwa ametia sauti yake juu ya sauti za waigizaji, akiwasemea wote peke yake, mume na mke, mtoto na mzee, hata mwizi na polisi. Ufundi huo ulikomaa katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, ambako marehemu na walio hai kati ya wasimulizi walikuwa na wapenzi wao kama wacheza mpira. Jina la Lufufu lilivuka hata ziwa. Siku hizi hadithi zinatushukia kutoka angani. Tangu mwaka 2015 idhaa ya Zee Magic inarusha kwa Afrika inayosema Kifaransa tamthilia za India zilizotiwa sauti za Kifaransa, na yeyote mwenye dekoda, betri na bamba la nuru ya jua amekuwa, apende asipende, mwenyeji wa jirani zake.

Kifaransa hicho ni lugha ya shule, na nyanya zetu hawakusoma shule hiyo. Kwa hiyo katika nyumba tunayokutana, msichana wa darasa la pili la sekondari huketi chini karibu na kiti cha nyanya yake na kumtafsiria kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kinapopungua, kwa Kivira. Tumemsikiliza kwa muda mrefu kuliko tulivyotazama picha. Hatafsiri yote. Maneno ya mapenzi huyapitia haraka, kwa sauti ya chini. Maneno ya ugomvi huyapa nguvu na kuyaongezea chumvi. Mwenye hofu kwamba watoto wanaharibiwa na sinema hizi angefaa kumsikia mtoto huyu, jinsi anavyochuja kwa heshima kile ambacho mkubwa hapaswi kuaibishwa nacho mbele ya mjukuu wake.

Juu ya masanamu hatutasema mengi. Mtoto wa hapa akiona mama wa Kihindi akiwasha taa mbele ya mungu wake, huona jinsi watu wa kule wanavyosali, na ni kazi ya mzazi aliyeketi kando yake kumweleza. Tusisahau pia kwamba mapadre Wasaveri, waliofika kwetu Uvira mwaka 1958, wanaitwa kwa jina la Fransisko Saveri, aliyeingia Goa mwaka 1542 na ambaye mwili wake umehifadhiwa huko huko hadi leo. India si nchi ngeni kwetu kiasi hicho. Na sinema yenyewe, wazee wetu wengi wa Kivu waliiona mara ya kwanza mikononi mwa Kanisa, kwa maana Mapadre Weupe walikuwa wakitengeneza filamu mjini Bukavu tangu enzi za Wabelgiji. Hatuoni, basi, ni kwa uso gani tutaanza leo kuifukuza.

Linalotusumbua ni jambo jingine, nalo halikutajwa mkutanoni.

Tujiulize kwanza kwa nini tamthilia hizi zimetushika namna hii, kuliko filamu za Marekani zenye fedha nyingi zaidi. Jibu ni nyumba. Karibu kila tamthilia inasimuliwa ndani ya nyumba moja kubwa ambamo wanaishi baba na mama, wana wao wa kiume na wake zao, mashemeji na mawifi, na nyanya mmoja mwenye ufunguo wa kabati. Msichana anaolewa, anaingia katika nyumba hiyo, na hadithi inaanza. Mwaka 2000 India ilianza kutazama tamthilia ndefu ya Ekta Kapoor iitwayo Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, iliyodumu miaka minane. Maana ya jina hilo ni kwamba mama mkwe naye aliwahi kuwa mkaza mwana. Hakuna jina la filamu ya Ulaya linaloweza kueleweka upesi hivyo katika ua wa Kalundu. Tunaijua nyumba hiyo. Tofauti ni vito na ngazi za marumaru.

Lakini tazameni ajabu hii. Wengi wa akina mama wanaoketi nasi jioni wamekwisha kuwa mama wakwe wenyewe. Wana wana waliooa, wana wakaza wana wanaoteka maji na kuosha vyombo wakati wao wanatazama. Wengine huosha vyombo hivyo nyuma ya ukuta, wakisikia sauti tu. Na katika miezi yote hiyo hatujamsikia hata mmoja aliyejitambua katika mama mkwe wa kwenye kioo. Wote wanalia pamoja na bibi arusi. Yule mkatili anayeficha barua na kumsingizia mke wa mwanawe wizi ni mtu wa India daima, si mtu wa hapa.

Tuchukue ile iliyopendwa kupita zote, Kumkum Bhagya, ambayo wengine wanaijua kwa jina la Kiingereza la Twist of Fate. Ilianza kuonyeshwa India mwezi wa Aprili 2014 na ikaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. (Inasemekana mzizi wake ni riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1811, yule mama Mwingereza angeshangaa kuona mti uliochipuka.) Pragya, mwalimu mwenye miwani na tabia ya upole, anaolewa na Abhi, mwanamuziki tajiri. Anasingiziwa na Tanu, anasingiziwa na wifi yake Aliya, na mara nyingi anaujua ukweli wote lakini anaufungia moyoni ili asimuumize mume, au asivunje nyumba, au asimtie mama aibu. Mume anapoteza kumbukumbu. Watu wanapotea na kurudi. Ukweli hukaribia mlango, kisha mtu huangusha sinia, na kipindi kinaisha.

Jioni moja nyanya yule alishindwa kuvumilia. Akamuuliza mjukuu wake: «Kwa nini hasemi?» Mtoto akamjibu bila kugeuka: «Nyanya, akisema, sinema itaisha.»

Tulicheka wote. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani, jibu hilo lilitufuata njiani. Kunyamaza kwa Pragya ni chakula cha wenye tamthilia. Wakimfungua kinywa, hawana cha kuuza kesho. Basi wanakipamba kimya hicho, wanakitia muziki, wanakileta karibu na kamera machozi yakimetameta, hadi sisi tunaotazama tunaanza kukiita wema. Mwanamke mwema ni yule anayejua na hasemi. Na malipo yake yapo: siku moja, katika kipindi cha mia tatu, ukweli utajitokeza wenyewe, mume atapiga magoti, mama mkwe atalia. Katika nyumba za Kalundu ukweli haujitokezi wenyewe. Lazima mtu aseme.

Sinema za zamani hazikuwa hivyo. Mother India, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, iliyoonwa na vizazi vya watu katika majumba ya sinema ya pwani ya Afrika Mashariki, ina mateso mengi kuliko tamthilia yoyote: deni la mkopeshaji, njaa, mafuriko, mume aliyekatika mikono na kutoweka. Radha anavumilia yote hayo. Lakini mwanawe mpendwa Birju anapomteka msichana siku ya arusi yake, mama huyo anashika bunduki na kumpiga risasi mtoto wake mwenyewe, kwa maana heshima ya msichana wa watu ni heshima ya kijiji kizima. Hatusemi mama yeyote afanye hivyo. Tunasema kwamba uvumilivu wa Radha ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa dhuluma anayofanyiwa mwingine. Filamu ilidumu karibu saa tatu, kisha watu wakaenda nyumbani na swali.

Na haki isemwe: hata miongoni mwa tamthilia ipo iliyothubutu. Balika Vadhu, iliyoanza mwaka 2008, ilimchukua Anandi, mtoto aliyeozwa akiwa na miaka minane, ikamkuza mbele ya watazamaji hadi akawa kiongozi wa kijiji. Nasi tuna sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, inayokataza ndoa chini ya miaka 18, na kila mmoja anajua vijiji ambavyo sheria hiyo haijafika. Lakini aliyetugusa zaidi katika hadithi hiyo ni nyanya wa nyumba, Kalyani Devi, aliyeigizwa na marehemu Surekha Sikri. Ni mkali, anaumiza watu, na anaamini anatetea desturi. Kisha, polepole sana, anaanza kuona alichokifanya. Huyo ndiye tungependa akina mama wetu wajitambue ndani yake.

Juu ya Saloni tutapita upesi. Ni tamthilia ya mwaka 2005 ya msichana anayedharauliwa kwa weusi wa ngozi yake, na wengi walimlilia huku mikono yao ikinuka mkorogo. Wenye krimu ya Fair & Lovely walibadili jina lake mwaka 2020 wakaiita Glow & Lovely. Nyuso za tamthilia hazikubadilika.

Turudi kwenye nyumba. Yupo atakayesema kwamba mateso ya mkaza mwana wa India yanatoka kwenye mahari yao, ambayo kule hutolewa na wazazi wa msichana, ingawa sheria iliipiga marufuku mwaka 1961. Kwetu mambo yamegeuzwa: upande wa mwanaume ndio unaotoa ng'ombe au fedha. Lakini tusikilize maneno. Kule anaambiwa: umeleta kidogo. Huku anaambiwa: tumekutolea nyingi. Njia mbili, na zote zinamfikisha jikoni akiwa kimya.

Sasa tuseme lile ambalo tungeliacha kama si haya. Miaka michache iliyopita mke kijana alikuja kwetu, sisi tuliokuwa tumepewa kazi ya kuwaandaa wachumba. Alisema mama mkwe anamfungia unga, na mume, akichochewa, anampiga. Tulimsikiliza kwa huruma. Tukamwambia ndoa ni msalaba, avumilie, asali, Mungu anaona. Tulimpa novena. Jioni ile ile tuliketi kumtazama Pragya, na tukamlilia. Yule mke hakurudi kwetu. Tulisikia baadaye kwamba alirudi kwao, upande wa Fizi, akiwa na mkono uliovunjika na mtoto mmoja mgongoni, mwingine amebaki kwa baba yake.

Hatukuhitaji tamthilia za India kutufundisha kuita kimya uvumilivu. Tulikuwa tunafundisha somo hilo hilo tangu zamani, bila muziki. Msalaba wa Bwana wetu aliuchukua kwa hiari yake. Hakuwabebesha wengine kwa fimbo. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliukemea waziwazi ukatili dhidi ya wanawake katika ndoa, akakubali kwamba zipo hali ambapo kutengana kunakuwa wajibu, ili kumwokoa aliye dhaifu au watoto wadogo. Tulikuwa na waraka huo kabatini. Hatukumsomea.

Kwa hiyo hatutaunga mkono onyo. Tukizima televisheni, vyombo vitaoshwa nyuma ya ukuta ule ule. Tunapendekeza badala yake jambo dogo, ambalo tumekwisha kulijaribu mara nne katika nyumba moja. Kipindi kinapoisha, na kabla umeme haujakatika, watu wabaki robo saa. Mkaza mwana wa nyumba aitwe akae pamoja na wengine, juu ya kiti, si mlangoni. Kisha liulizwe swali la nyanya: kwa nini hasemi, na angesema, angemwambia nani?

Mara ya kwanza hakuna aliyejibu. Mara ya pili walizungumza juu ya Pragya tu. Mara ya nne, mkaza mwana wa nyumba ile alisema kwamba angemwambia mama mkwe mwenyewe, lakini si mbele ya watu. Mama mkwe aliinama akaangalia mikono yake kwa muda. Kisha akasema kesho asubuhi wataenda pamoja sokoni, wawili tu, na mjukuu atabaki kuangalia sufuria.