Dume Bora Nachingwea na Ruangwa: Tija Itaamuliwa na Uteuzi na Matunzo ya Mwaka wa Kwanza

Kwa miaka mingi uchumi wa kaya katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, umetegemea korosho, ufuta na mbaazi. Ng'ombe walikuwa wachache, kwa kuwa mbung'o waeneao katika misitu ya kusini hueneza nagana. Sura hiyo ilianza kubadilika mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka Bonde la Usangu na baadhi yao kuelekezwa Mkoa wa Lindi. Tangu hapo ufugaji umekua, na pamoja nao umekuja mvutano wa ardhi pale mifugo inapoingia mashambani.

Kwa sababu hiyo, wito wa Serikali wa kufuga kwa tija una uzito wa pekee katika wilaya hizi. Mfugaji akipata nyama ile ile kutokana na ng'ombe wachache, malisho hutosha na shamba la jirani husalimika. Njia ya karibu ya kufika huko ni dume. Jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka akitunzwa vyema, ilhali dume mmoja aliyekomaa huweza kuhudumia majike 20 hadi 25 katika msimu. Kosa katika kuchagua jike huishia kwa watoto wake wachache; kosa katika kuchagua dume huonekana katika zizi zima.

Wafugaji wengi humchagua dume mnadani kwa ukubwa wa umbo na rangi. Wataalamu wa mifugo hushauri uteuzi uanze mapema zaidi, ndama anapoachishwa kunyonya akiwa na miezi saba au minane, kisha urudiwe anapotimiza mwaka mmoja. Uzito wake ulinganishwe na wa madume wenzake waliozaliwa msimu huo huo na kulishwa pamoja. Mama yake awe jike anayezaa kila mwaka na kukuza ndama wake bila shida. Miguu iwe imara, kwato ziwe sawa, na korodani zote mbili ziwe zimeshuka na kulingana.

Katika kipimo cha korodani tahadhari inahitajika. Viwango vya nchi za baridi humtaka dume wa hadi miezi 15 awe na mzunguko wa korodani usiopungua sentimita 30. Zebu na Boran hubalehe wakiwa wamechelewa kuliko ng'ombe wa asili ya Ulaya, hivyo kipimo hicho kikitumika peke yake kitawakataa madume wazuri. Lililo sahihi ni kuwalinganisha na wenzao wa umri mmoja, na kuwapima tena wakikaribia miaka miwili.

Ukubwa nao una mipaka. Majike wengi wa kienyeji ni zebu wenye maumbo madogo. Dume anayezalisha ndama wakubwa mno huwaletea majike hao uzazi mgumu, na mfugaji anaweza kumpoteza mama na mtoto kwa pamoja.

Baada ya uteuzi hufuata matunzo, na hapa ndipo faida hupatikana au hupotea. Nachingwea ina historia ya kukumbukwa: mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta mitambo mikubwa katika ardhi na mvua ambazo wapangaji hawakuzielewa vya kutosha. Dume wa Boran kutoka nyanda zisizo na mbung'o anaweza kukumbwa na hali kama hiyo. Nagana humdhoofisha, na homa zake huharibu mbegu hata kama hakufa. Anapaswa kuwasili akiwa amepimwa magonjwa, ikiwemo ugonjwa wa kutupa mimba, kupewa dawa ya kinga dhidi ya nagana chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo, na kuogeshwa kwa ratiba isiyokatika. Kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mkoani Simiyu mwaka 2025 nayo imsaidie kupata chanjo ya homa ya mapafu na kutambuliwa kwa hereni.

Chakula ni nguzo nyingine. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba hurudisha nyuma ukuaji wa dume mchanga. Makapi ya mbaazi, mabua ya mahindi na mashudu ya ufuta au alizeti, ambayo wilaya hizi zinaweza kuyapata, yahifadhiwe mapema kwa ajili yake. Hata hivyo asinenepeshwe kupita kiasi, kwani mafuta yakijaa katika mfuko wa korodani huongeza joto na kupunguza ubora wa mbegu.

Mbegu huchukua takriban siku 60 kutengenezwa. Kundi likipandishwa kati ya Machi na Mei ili ndama wazaliwe kuanzia Desemba, malisho yakiwa yameanza kuchipua, maandalizi ya dume yaanze Januari. Dume chipukizi asipewe majike zaidi ya 10 hadi 15 katika msimu wake wa kwanza. Aidha, abadilishwe kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa, yaani baada ya miaka miwili na nusu hivi, ili kuepuka uzao wa ndugu. Vikundi vya vijiji jirani vinaweza kubadilishana madume, mradi kila kimoja kiweke kumbukumbu za uzazi.

Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa halmashauri za Nachingwea na Ruangwa, hesabu ya madume yaliyogawiwa haitatosha kuwa kipimo cha mafanikio. Kipimo kitakuwa idadi ya madume walio hai na wenye afya mwaka mmoja baadaye, na uzito wa ndama wao siku ya kuachishwa kunyonya. Wafugaji wanashauriwa kuwaona maofisa mifugo wa kata zao kabla ya kununua, wakati uamuzi bado uko mikononi mwao.