Mpe Msichana Maikrofoni

Hizi semina za kuwaambia wasichana "jiamini" mimi sioni zikifika mbali. Watazameni The Restorers, wasichana watano wa shule ya upili kule Kisumu. Mwaka 2017 walitengeneza i-Cut, programu ya simu ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji, wakaenda nayo mashindano ya Technovation huko California, ambako wanawake weusi katika fani yetu ni wachache. Walikuwa na kazi yao mkononi na maswali ya majaji waliyajibu wenyewe. Basi mwalimu wa kompyuta, klabuni kwako nani husimama kueleza mradi? Ninaowaona mimi ni wavulana, hata programu ikiwa imeandikwa na msichana. (Yeye hupewa bango ashike!) Muhula huu aeleze yeye, na umuulize maswali magumu.