Vita vya Panzi, Furaha ya Kunguru



Wazee wetu walisema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Panzi wawili wakishikana hawamwoni kunguru aliye juu ya mti, naye hana haja ya kuwafukuza, hungoja tu. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba katika ugomvi wa siku hizi juu ya rangi za waigizaji, panzi ni sisi watazamaji, na kunguru ni kampuni za senema.

Mambo huenda hivi. Kampuni hutangaza kwamba hadithi ya zamani itapigwa picha upya, na kwamba nafasi ambayo siku zote ilikuwa ya Mzungu safari hii atapewa mtu mweusi. Papo hapo watu hugawanyika. Hawa hutukana, wale hutetea. Filamu bado haijatoka, wala hakuna hata mmoja wao aliyeiona, lakini jina lake limekwisha fika kila mahali.

Chukueni mfano wa filamu ya Disney iitwayo The Little Mermaid, yaani hadithi ya nguva mdogo. Mwezi wa Julai 2019 ilitangazwa kwamba Ariel, binti wa mfalme wa bahari, atachezwa na Halle Bailey, msichana mweusi wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 19. Watu wengi walikasirika, wakasema Ariel wao ana ngozi nyeupe na nywele nyekundu, kama alivyochorwa katika katuni ya mwaka 1989. Nami nauliza: nguva ni kabila gani? Hadithi hiyo ilitungwa na Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837, naye nusu mtu nusu samaki hajapata kuonekana na yeyote. Katika michezo yetu hapa shuleni mtoto wa mvuvi hucheza mfalme, na hatujasikia mtu akidai aonyeshwe taji la babu yake. Kuigiza ndiko huko.

Mwezi wa Septemba 2022 vipande vya kwanza vya filamu hiyo vilipoonyeshwa, hasira ziliwaka tena. Wakati huohuo wazazi wengi waliwapiga picha binti zao weusi wakishangilia kumwona Ariel anayefanana nao, na picha hizo zikazunguka dunia. Furaha ile ilikuwa ya kweli, wala siibezi. Lakini angalieni: aliyekasirika aliitangaza filamu, na aliyefurahi aliitangaza vilevile, na hakuna aliyedai ujira. Filamu ilipotoka Mei 2023 ilikusanya dola zipatazo milioni 569 duniani kote. Sisemi kwamba hasira ndizo zilizoleta fedha zote hizo. Nasema zililipeleka jina la filamu bure, mahali ambapo tangazo lingelipiwa.

Huenda wengine wakasema nawasingizia wakubwa hawa. Basi tumsikilize mmoja wao. Mwaka 2016 kampuni ya Sony ilitoa upya filamu ya Ghostbusters, na mahali pa wanaume wa filamu ya mwaka 1984 ikaweka wanawake wanne. Matusi yakamiminika. Bwana Tom Rothman, mkubwa wa idara ya filamu ya Sony, alipoulizwa na waandishi juu ya chuki ile, alijibu kwamba ni jambo bora lisilo kifani, maana taifa zima lilikuwa likiwazungumza, na akatamani wenye chuki wazidi kusema upuuzi. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Leslie Jones, mweusi pekee kati ya wale wanne, alitukanwa kwa rangi yake katika Twitter hata akauacha mtandao huo kwa siku kadhaa. Mmoja alifurahia kelele, mwingine alipigwa nazo.

Kweli, kelele hazileti faida kila mara. Filamu hiyo iligharimu dola milioni 144 na kukusanya kama milioni 229. Baada ya kutoa fungu la majumba ya senema na gharama za matangazo, ilihesabiwa kuwa ya hasara. Hata hivyo bahati nasibu hii bado yachezwa, kwa kuwa mtaji wake ni hasira za watu wengine.

Mfano wa tatu watugusa sisi Waafrika. Mwezi wa Aprili 2023 Netflix ilitangaza filamu ya vipindi juu ya Malkia Cleopatra wa Misri, aliyefariki mwaka 30 K.K. Hiyo haikutolewa kama hadithi ya kubuni, bali kama habari za kweli. Cleopatra alichezwa na Adele James, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kiafrika. Katika tangazo lake mama mmoja asimulia jinsi bibi yake alivyomwambia kwamba, wafundishe lolote shuleni, Cleopatra alikuwa mweusi. Wamisri wengi walichukizwa. Mwanasheria mmoja alitaka Netflix ifungiwe nchini, na wakuu wa mambo ya kale wakatoa taarifa ya kupinga. Hapa swali si la kuigiza tena, ni la elimu: ukoo wa baba yake ulitoka Makedonia, na habari za mama yake hazijulikani kwa yakini. Swali kama hilo lastahili vitabu na walimu wa historia. Badala yake tulipewa sentensi moja ya uchokozi, na dunia ikapigana. Nasadiki kwamba sentensi ile haikuwekwa pale kwa bahati.

Wala kunguru si mmoja. Katika YouTube mwenye video hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo, na kampuni hubaki na asilimia 45. Kwa hiyo mtu apigaye makelele kila siku juu ya filamu fulani yuko kazini. Sisi, tushikapo simu wakati wa likizo, twatoa hasira zetu bure, na bando twalinunua wenyewe.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, tusihukumu filamu ambayo hatujaiona. Pili, tusimtukane mwigizaji. Yeye ameomba kazi akaipata, kama wazazi wetu walivyoomba zao. Tatu, tukiiona filamu tuipime kwa kazi yenyewe: je, hadithi ni nzuri? Mwigizaji ameiweza nafasi yake? Maana hasara kubwa ya ugomvi huu ni kwamba aisemaye filamu kuwa mbovu huitwa adui wa weusi, na aisifuye huitwa mshabiki. Hivyo filamu mbovu hujificha nyuma ya ngozi ya mwigizaji, na kampuni iliyoitengeneza haiulizwi neno.

Wanafunzi wenzangu, panzi wakiachana, kunguru hana budi kuruka na kutafuta riziki yake kwa jasho. Nasi tukinyamaza mpaka tuone, kampuni hizo zitalazimika kututafuta kwa filamu nzuri.

Mwanafunzi, Kidato cha IV