Mkimbiaji, jifunze maji kabla ya kununua baiskeli

Tangu mwaka 2022, Rubavu nchini Rwanda, mji unaopakana na Goma, umekuwa ukipokea mashindano ya triatloni ya Ironman 70.3. Mshiriki anaogelea kilometa 1.9 katika Ziwa Kivu, anaendesha baiskeli kilometa 90, kiisha anakimbia kilometa 21.1. Si ajabu basi kwamba mkimbiaji wa Goma ama Bukavu, aliyezoea kupanda na kushuka milima yetu kila asubuhi, anaanza kujiuliza: na mimi je?

Hesabu anayoifanya ni rahisi. Miguu anayo. Pumzi anazo. Kinachobaki ni kutafuta pesa ya baiskeli. Kuogelea atajifunza mbele ya safari, kwani ziwa si liko hapa hapa? Kwa maoni yangu, hesabu hiyo ni mbaya na ni ya hatari. Kazi ya kwanza ya mkimbiaji anayeingia triatloni ni maji. Baiskeli inaweza kungoja.

Wakimbiaji ndio waliouanzisha mchezo huu. Tarehe 25 Septemba 1974, klabu moja ya riadha ya San Diego, Marekani, iliandaa shindano lililoitwa triatloni. Siku hiyo walianza na mbio, wakafuatisha baiskeli, wakamaliza na kuogelea. Leo mambo yamegeuzwa: maji ndiyo ya kwanza. Ndivyo ilivyo pia kwenye Michezo ya Olimpiki, ambako triatloni iliingia Sydney mwaka 2000 kwa kilometa 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za mbio. Faida ya utaratibu huo inaeleweka. Mtu akichoka barabarani, anakaa pembeni. Akichoka katikati ya ziwa, hakuna pembeni.

Kinachowashangaza wakimbiaji wengi ni kwamba nguvu zao haziwasaidii majini. Mtu anayemaliza kilometa 15 bila shida anaogelea mita 25 na kufika akihema kama aliyefukuzwa na mbwa. Anadhani hana pumzi. Pumzi anazo, lakini anazifunga. Barabarani tunavuta hewa bila kufikiri. Majini mtu mgeni anaziba pumzi uso ukiwa chini, kiisha anataka kutoa na kuvuta kwa mara moja akiinua kichwa. Hewa chafu inajaa kifuani, woga unapanda, kichwa kinazidi kuinuka. Na kichwa kikiinuka, miguu inazama. Sasa anapiga miguu kwa nguvu ili asizame, na mapaja ya mkimbiaji yanakula hewa nyingi kuliko mikono. Zaidi ya hayo, vifundo vya miguu yake vimekaza kwa sababu ya mbio. Badala ya kusukuma maji nyuma, nyayo zake zinamshika kama nanga.

Maji ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800. Ukiongeza nguvu, yanaongeza upinzani. Kinachosaidia ni mwili ulionyooka, kichwa kinachotazama chini, kiuno kilicho juu, na miguu inayopigwa kidogo tu. Hayo ni mambo ya ufundi, na ufundi unataka mwalimu anayekutazama, kwa sababu wewe mwenyewe huoni miguu yako inafanya nini nyuma.

Ningependekeza hivi. Wiki za kwanza, baki pale ambapo maji yanafika kifuani na unaweza kusimama. Ingiza uso, toa hewa yote polepole kupitia pua na mdomo, inuka, vuta, rudia. Jifunze kulala juu ya maji kwa tumbo, kiisha kwa mgongo. Kulala kwa mgongo usikudharau: siku utakapopatwa na woga mbali na ukingo, ndiko kutakakokupa nafasi ya kupumua. Baada ya hapo ndipo uanze krauli, ukigeuza mwili wote upande ili upate hewa, si kuinua kichwa mbele.

Mara tatu kwa wiki, dakika 30 ama 40 kila mara, ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi peke yake. Mwili unasahau maji haraka. Na usiyaongeze mazoezi hayo juu ya kilometa zako zote za mbio. Punguza siku mbili za kukimbia kwa kipindi hicho. Mbio hazitakukimbia.

Usianze na umbali mrefu. Ogelea mita 25 mara nane, ukipumzika nusu dakika katikati. Ile ya nane ikiwa tulivu kama ya kwanza, nenda kwa mita 50, kiisha mita 100. Acha saa nyumbani, hesabu mikono. Kama mwezi uliopita ulipiga mikono 30 kuvuka pisini na leo unapiga 22 bila kuchelewa, umeendelea. Na shindano la kwanza lisiwe lile kubwa la Rubavu. Kuna triatloni fupi: mita 750 za kuogelea, kilometa 20 za baiskeli, kilometa 5 za mbio. Mtu asiyeweza kuogelea mita 750 kwa utulivu, bila kusimama, asijiandikishe hata hiyo.

Kuhama kutoka pisini kwenda ziwani ni somo lingine. Ziwani hakuna mstari chini wa kukuongoza. Unalazimika kuinua macho kidogo kila baada ya mikono sita ama minane ili ujue unaelekea wapi. Kivu inapata kina haraka, na mawimbi yanaweza kuamka wakati hukuyatazamia. Ogelea sambamba na ukingo, vaa kofia ya rangi kali ili wenye boti wakuone, na usiende peke yako hata siku moja. Mvuvi mwenye mtumbwi akikufuata karibu, hiyo ni bima nzuri kuliko viatu vya bei kubwa.

Kwa sisi wa pwani ya kaskazini kuna jambo ambalo vitabu vya makocha wa Ulaya havitakuambia: mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, isiyoonekana wala kunusa, inayokusanyika kwenye mabonde madogo, hasa alfajiri wakati hakuna upepo. Hiyo ndiyo saa wakimbiaji wanayoipenda. Kabla ya kuchagua mahali pa kuingilia ziwani, waulize wakaaji wa pale. Wanajua wapi mbuzi wanakufa bila ugonjwa.

Najua majibu mawili yatakayokuja. La kwanza: watoto wa Idjwi na wavuvi wa sambaza wanaogelea bila kocha na bila pisini. Ni kweli, na wana kitu ambacho mkimbiaji hana: hawaogopi maji. Wamekuwa nayo tangu wangali wadogo, na kila mmoja alikuwa na kaka ama mjomba wa kumtazama. Huyo ndiye mwalimu wao. Mkimbiaji wa miaka 28 aliyekulia Katindo ama Kadutu hakumpata, ndiyo maana anamhitaji leo.

Jibu la pili ni zito zaidi: katika vita hii, na bei ya unga ilivyo, nani ana nafasi ya kuzungumzia triatloni? Ninaliheshimu swali hilo. Lakini tukumbuke tarehe 3 Oktoba 2024. Boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa ufukweni wakiitazama. Makumi ya abiria walikufa. Watu hao walipanda boti kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi, na hilo ni kosa la wanaosimamia usafiri wa ziwani. Kujua kuogelea hakuondoi kosa hilo wala hakuchukui nafasi ya jile za kuokoa maisha. Lakini mji unaotegemea ziwa kwa chakula na kwa safari, huku wakaaji wake wengi hawawezi kulala juu ya maji hata dakika moja, umejiachia pengo kubwa.

Ndiyo maana mkimbiaji huyu mmoja ananihusu. Akijifunza vizuri, atakuwa na kitu cha kuwapa wengine. Klabu za riadha za Goma, Bukavu na Uvira zina vijana wenye nidhamu, wanaoamka mapema, wanaojua maana ya mazoezi ya miezi sita. Klabu moja ikichagua wawili wafundishwe kuogelea na namna ya kumwokoa anayezama, hao wawili wanaweza kuanza na watoto wa mtaa wao mwaka unaofuata.

Wenye hoteli nao wana la kufanya. Asubuhi za siku za kazi, pisini nyingi hazina mtu. Saa mbili kwa wiki kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kulipa hazitamfilisi mwenye hoteli. Na wakuu wa miji na wa shule watenge sehemu ya ufukwe yenye maji madogo, iliyopimwa kwamba haina mazuku, yenye kamba, mtumbwi na mtu anayelipwa kulinda. Kazi hiyo haihitaji uwanja wa mamilioni ya dola.

Kwako wewe mkimbiaji, ile pesa ya kwanza uliyoanza kuweka kando usiipeleke kwa muuza baiskeli. Nunua miwani ya kuogelea, lipa mwalimu wa miezi mitatu, na uingie pale maji yanapofika kifuani. Baiskeli utaikuta sokoni.