Mgonjwa wa Moyo Asifungwe Kitini

Katika nyumba zetu za Eastlands, kuanzia Majengo ya Pumwani hadi Kaloleni na Umoja, mtu akishapatwa na maradhi ya moyo hupewa kiti, na kiti hicho ndicho huwa makao yake. Maji ataletewa, viatu atavuliwa, na akijaribu kuinuka watoto humkimbilia: "Baba, keti, usijichoshe." Hayo ni mapenzi, wala siyakebehi. Lakini mimi niliyewahi kukalishwa hivyo nasema kwamba mapenzi ya namna hii huudhoofisha mwili ambao daktari amekwisha kuuruhusu utembee.

Waama, zamani hata matabibu wakubwa waliamini hivyo. Hadi katikati ya karne iliyopita, mgonjwa wa moyo huko Ulaya na Marekani alilazwa kitandani wiki nne hadi sita, na aghalabu hakuruhusiwa hata kujigeuza. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walieleza kwamba wagonjwa wao waliotolewa kitandani mapema wakaketishwa kitini walipata nafuu. Kiti siku zile kilikuwa ukombozi! Mwaka uliofuata, 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walitoa habari za wafanyakazi wa mabasi ya London: utingo, aliyeshinda akipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa, aliugua moyo kwa nadra kuliko dereva aliyeshinda ameketi. Madereva wa matatu za barabara ya Jogoo nao wana la kufikiri hapo.

Siku hizi mazoezi ya kiasi ni sehemu ya matibabu yenyewe. Hata hivyo, daktari ndiye wa kuufungua mlango, kwani moyo hauugui kwa namna moja. Kijana ambaye valvu zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi hayuko sawa na mzee ambaye mishipa yake imeziba. Akisharuhusiwa, mtu aanze na dakika tano au kumi mahali tambarare, kisha aongeze kidogo kidogo. Kipimo chepesi ni ulimi: ukiweza kuzungumza huku watembea, mwendo unafaa; ukishindwa kumaliza maneno, punguza. Kifua kikibana, pumzi zikikatika au kichwa kikizunguka, simama, na hali hiyo isipoondoka upesi, ni hospitali moja kwa moja.

Jamaa zetu watokao Mombasa kuja kutibiwa huku yafaa wakumbuke jambo moja zaidi. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko ya Pwani. Mzee aliyezoea kutoka Mji wa Kale hadi Mwembe Tayari kwa miguu aweza kuhema hapa siku za mwanzo, naye asitishike wala asishindane na wenyeji.

Eastlands yenyewe ni tambarare. Milima yake ni ngazi. Umoja ilijengwa miaka ya 1970 kwa nyumba za chini, na leo imejaa maghorofa ambayo mengi hayana lifti. Mgonjwa wa ghorofa ya tano ana mlima wake nyumbani, apende asipende, na heri auzoee kwa mpango, ghorofa moja na pumziko, kuliko kuupanda siku moja kwa ghafla na kikapu cha sokoni mkononi. Milima ya Ngong, ionekanayo upande wa magharibi asubuhi isiyo na ukungu, inafika mita 2,460. Hiyo nayo ina siku yake, baada ya miezi, si wiki.

Tena sisi Waislamu tuna vilima viwili tunavyovitamani. Baina ya Safa na Marwa ni kiasi cha mita 450, na kwa safari saba ni zaidi ya kilomita 3, baada ya kutufu. Vigari vya kusukumwa vipo, na sheria yamruhusu asiyejiweza. Lakini mzee mwenye nia ya Hija na idhini ya daktari, kwa nini tumkalishe Pumwani mwaka mzima kisha tumtie ndegeni?

Linaloniudhi zaidi ni hali ya mama zetu. Baba atasindikizwa msikitini, ijapokuwa polepole. Mama akiugua moyo huzuiwa hata mlangoni, ati mwanamke kuzunguka bila shughuli si adabu. Adabu gani hiyo? Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ina uwanja wazi baina ya nyumba zake. Baada ya Alasiri, bibi wawili watatu, na mabuibui yao na raba miguuni, wanaweza kuuzunguka wakizungumza, na binti mmoja nyuma yao amechukua chupa ya maji na dawa za mamake.